Gari la Baba Haliendi Ohio

Jumapili, 13 Agosti 2006

Kaz kanitibulia Jumapili. Tumetoka kanisani, nikawasha gari la Baba lipate moto, naye akasimama mlangoni mwa gereji yangu na suti yake, kichwa kainamisha kama daktari, akisikiliza ule mlio wa tik-tik. Akatoa hukumu: injini imenoki, vyuma vya ndani vimelika. Imenoki! Kaka yangu, aliyeuza bima maisha yake yote!

Anataka tuliuze lingali linawaka. Mteja keshampata — mtu wa Ohio. Sisi watu wa Michigan, gari la Baba la 1969, liende kwa mahasimu wetu wa Ohio! Baba angefufuka afe tena.

Nikamwambia hiyo si injini, ni ekzosi, bomba la moshi, inavuja mahali. Akanikumbusha kwamba mimi ni dereva wa basi la shule, si fundi. Sawa. Nani alikuwa akimshikia Baba tochi akilitengeneza? Si yeye.

Tumekubaliana hivi. Mteja anakuja Jumamosi. Mlio ukiisha kabla, gari linabaki hapa kwangu. Usipoisha, natia saini liuzwe.

Jumatatu, 14 Agosti

Nimeliwasha likiwa baridi. Tik-tik-tik, kavu, upande wa abiria. Nikakaa nalo na kahawa yangu. Lilipopata moto mlio ukafifia. Basi! Injini iliyonoki haiponi kwa joto, inazidi. Chuma cha ekzosi ndicho hutanuka na kuziba upenyo.

Nimempigia Kaz kumweleza. Anasema nasikia ninachotaka kusikia. Nimemkatia simu.

Jumatano, 16 Agosti

Nimeupata!

Nimegeuza mashine ya kufyonza vumbi la zulia ipulize badala ya kuvuta, nikachomeka mpira wake kwenye mdomo wa ekzosi, nikaziba kwa matambara. Kisha maji ya sabuni kila kiungo. Jirani Lucille akachungulia juu ya uzio, akauliza nafanya nini. Nikamwambia nalipima mapafu.

Nyuma kabisa, pale bomba linapofungwa kwenye silinda ya mwisho — mapovu. Bolti imekatika, kipande kimebaki ndani. Ugonjwa ndio huo, hakuna mwingine. Mwenye macho haambiwi tazama, na mwenye masikio je?

Ijumaa, 18 Agosti

Jana na leo nimepigana na kipande cha chuma kisichofika urefu wa kidole gumba. Mikono imechubuka yote. Nimekichoma moto, nikakigusisha mshumaa ili nta ipenye kwenye nyuzi, nikakibana kwa koleo, nikageuza taratibu kama Baba. Kikasogea. Kikatoka! Nimekibusu, na grisi yake.

Gasketi mpya, bolti mpya, zote zimekazwa.

Jioni Kaz kaja na soseji ndani ya mikate, haradali na vitunguu tele. Katazama kazi yangu. Kisha kakataza kuwasha mpaka kesho awepo, likiwa baridi, asije akaambiwa hadithi. Tumecheka. Tumekula tumekaa juu ya ndoo. Tangu tumzike Baba hatujakaa hivi, na kusema kweli nilikuwa nimem-miss huyu mjinga.

Kesho barabara yote ya Woodward itajaa magari ya zamani, kama kila Agosti. Na letu litakuwemo.

Jumamosi, 19 Agosti

Kaz kafika mapema. Nimewasha mbele yake.

Kimya. Hakuna tik hata moja. Ile ngurumo tu, nene, safi, ya Baba mwenyewe.  Kaz katoa simu, kampigia mtu wa Ohio pale pale, akamwambia asije, gari haliuzwi, si leo si kesho. Macho yamemjaa machozi.

"Nimeshindwa, mdogo wangu," kasema. "Wewe ndiye mtoto wa Baba."

Kanikumbatia. Akaanza kusimulia habari za Baba na Woodward, kwa sauti kubwa, hakomi. Mimi nikakanyaga mafuta kidogo, nikaachia.

Du-du-du.

Chini kabisa, mlio mwingine, mzito. Nikakanyaga tena, nikaachia. Upo. Injini imepata moto na mlio umezidi. Ile tik-tik ilikuwa imeufunika wakati wote huu, na mimi nimekesha nikiuondoa mfuniko. Kaz alikuwa sahihi. Injini imenoki. Ikikanyagwa sana leo itapasuka.

Yeye hakusikia, alikuwa anaongea. Kaingia kiti cha abiria, kafunga mkanda.

"Twende Woodward. Leo ukanyage mpaka mwisho, kama Baba."

Nimesema nimesahau miwani. Niko jikoni, naandika haya nimesimama. Miwani ninayo usoni.

Nikimwambia, atampigia tena yule wa Ohio. Nisipomwambia —

Anapiga honi. Nimechungulia dirishani: kahamia kwenye usukani. Anapiga resi, anaachia, anapiga tena. Ule mlio mzito nausikia mpaka huku jikoni. Yeye anacheka, ananipungia mkono niwahi.