Majuma Sita ya Kuziba Tuta

Chumba cha juu, Nyumba Na. 14,
Mtaa wa Pelling,
London.
9 Desemba 1944

Mpendwa mpwa wangu Marinus,

Salamu nyingi kutoka kwa mjomba wako. Hujambo huko Michigan? Mkeo na watoto hawajambo? Na mama yako Janna, dada yangu, magoti bado yanamsumbua? Mimi mwili ni mzima. Nina miaka sabini na mmoja na ndoo ya makaa naipandisha ngazi nne bila kupumzika, wakati mwenye nyumba wangu, kijana wa miaka hamsini, anahema ngazi ya pili. Mkono huu umezoea koleo kuliko kalamu, basi ukiona herufi zimelewa, nenda nazo polepole.

Barua hii haipiti posta. Inabebwa na mpishi wa meli, kwa sababu yaliyomo wakaguzi wa barua wangeyapaka wino mweusi yote.

Tuta letu linaloizuia bahari isiingie kisiwani kwetu limevunjwa. Labda umesikia redioni. Ndege zilizolivunja ni za upande wetu. Wajerumani walikuwa wamekaa kisiwani na mizinga yao, meli zetu haziwezi kuingia mtoni, ikaamuliwa bahari iingizwe iwafukuze. Wajerumani wametoka. Bahari haijatoka. Inaingia mara mbili kwa siku, inapita sebuleni kwetu, inarudi.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu.

Mwezi wa Juni niliitwa kwenye kamati. Serikali zilizokimbilia hapa, yetu, ya Wabelgiji, ya Wanorwe, zimeweka wataalamu wao meza moja na Waingereza, kupanga namna ya kutengeneza nchi zetu vita vikiisha. Madaktari chumba chao, watu wa reli chao, sisi watu wa maji chetu. Asiye na cheti nilikuwa mimi peke yangu, mjenzi wa matuta, na nilikaa katikati, Marinus, kofia kichwani! Mhandisi wa Kiingereza, Bwana Harcombe, akasema tuta kama letu likipasuka litachukua miaka miwili kuziba. Nikamcheka.

"Miaka miwili, ukiziba wewe!"

"Na ukiziba wewe, mzee?"

"Nipe pale kona ya kaskazini, chini ya kinu cha upepo. Nipe mierebi na watu wangu arobaini. Majuma sita."

Akaandika. Odilon, yule Mbelgiji ambaye lugha yake karibu ni yetu, akanikanyaga mguu chini ya meza. "Krijn, funga mdomo. Huyu haulizi habari za kuziba." Nikamwambia Wabelgiji mna wivu.

Oktoba wakalipua kona ya kaskazini, chini ya kinu cha upepo.

Hawakuwa na ubaya. Walitafuta mahali patakapozibika upesi, na aliyewaonyesha ni mimi. Nyumba yetu ni ya tatu kutoka kinuni, unaijua, ulianguka kutoka kwenye ngazi yake. Shangazi yako Nelle, mke wangu, yumo. Nilipokimbia na tishari, chombo kile cha mizigo, mwaka wa arobaini alikataa kupanda, eti nani atawalisha kuku.

Kuziba kwetu unakukumbuka. Unasuka mkeka wa matawi ya mierebi, mkubwa kama shamba, unauvuta ukielea hadi kwenye pengo, unasubiri maji yatulie, unauzamisha kwa mawe. Bila mkeka, mchanga unameza mawe kama maharage. Lakini mashamba ya mierebi yako katikati ya majeshi mawili, hakuna anayeweza kwenda kukata. Novemba kamati ikakaa tena. Odilon akatoa mierebi ya kwao, robo ya inayotakiwa. Wanorwe wakatoa matishari na mabaharia. Harcombe akasema tujaze mawe meli kuukuu tuzizamishe palepale. Nikapiga meza. Nikasema tuta langu si makaburi ya vyuma chakavu! Wakanisikiliza, maana mimi ndiye bwana majuma sita. Mwezi ukapita tukisubiri mierebi. Pengo lilikuwa na kina cha watu wawili. Sasa ni watu saba.

Jumatatu ofisa wetu alileta orodha ya waliotolewa kwenye dari za nyumba. Odilon alinisomea mara tatu. Jina la Nelle hamna. Mwisho kabisa kumeandikwa: nyumba ya tatu kutoka kinuni, mwanamke mzee, kuku watatu, amekataa kushuka. Ofisa akacheka, akasema askari walipomfuata kwa mashua aliwajibu kwa ukali: "Mume wangu ni mtu wa tuta. Yuko London na wakubwa, anakuja kuziba. Sishuki mpaka nione ardhi."

Nilitoka nje nikaanza kuhesabu siku.

Nyumba ile ni ya matofali, na kila bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi, linakula matofali. Bamvua la mwisho wa mwezi huu, mwezi ukiwa mpevu, haliachi ukuta.

Jumatano nilikwenda kwenye kamati nikavua kofia. Nikawaambia majuma sita yalikuwa majigambo. Sijawahi kuziba pengo la namna hii, wala baba yangu. Zamisheni meli zenu. Kisha Harcombe, taratibu: "Na nani atatuonyesha pa kuzizamisha, mzee?"

"Nani tena?" akasema Odilon. "Huyuhuyu. Akikosea tunamzamisha naye."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka, machozi yakatoka.

Tunaondoka Jumatatu. Meli za Waingereza, matishari ya Wanorwe, mierebi ya Wabelgiji, na mimi. Maji mafu, bahari inapopungua nguvu, yanatupa siku tatu kabla ya Krismasi. Kama zitatosha, sijui. Sijawahi kuandika neno hilo, Marinus. Sijui.

Lakini sitakwenda kwenye pengo kwanza. Nimemwomba Harcombe mashua, amenipa. Nelle hatashuka kwa maneno ya askari, anashikiliwa mle darini na majigambo yangu. Basi nitakwenda chini ya dirisha lake nimwambie mwenyewe: mahali niliwaonyesha mimi, na kuziba huenda nisiweze. Akitaka kunipiga, ashuke anipige ndani ya mashua.

Nisalimie mama yako, mkeo, na Adriaan mdogo, na wote wa kanisani wanaoukumbuka uso wangu. Mungu azilinde paa zenu na awape nchi kavu siku zote. Mwombeeni shangazi yenu kabla ya kuniombea mimi.

Ni mimi, mjomba wako akupendaye,
Krijn Wisse