Wimbo wa Mama Chini ya Hotuba

Mjukuu wangu Akinyi,

Hapa mtaani Jericho sote tu wazima, na mimi, bibi harusi wa uzeeni, natabasamu hata nikiosha sufuria. Unauliza kama ile stesheni ya televisheni ya serikali, iliyofungwa kabla hatujaizoea, ilihifadhi wimbo ambao mama yangu aliuimba humo. Mama alipofariki, nikiwa msichana, nilikwenda kuuomba.

"Dada, kanda zilikuwa chache," karani akasema. "Tulifuta wimbo, tukarekodi hotuba ya waziri kwenye kanda ileile."

Niliitazama hotuba hadi mwisho, nikitumaini kimebaki kipande cha mama. Hakikubaki.

Babu yako mpya ndiye aliyeshika kamera siku mama alipoimba. Kila jioni, mpenzi wangu huyu hunisimulia mama alivyosimama na alivyovaa. Juzi alisahau rangi ya kitambaa cha kichwani cha mama.

Akupendaye,
Nyanya