Tangi Lisilojaa

Jumanne, 3 Februari 1998

Tumetia nanga mbele ya Lituhi tangu asubuhi. Haturuhusiwi kushuka. Jana kule Mbamba Bay tulimshusha abiria anayeharisha na kutapika, leo redio imesema ni kipindupindu. Bwana Afya amekuja kwa mtumbwi, hakupanda. Akatumia kipaza sauti: siku saba hapo hapo, na choo kisimwagwe ziwani. Kila kitu kiingie tangini.

Nahodha Ildefonsi akanigeukia. Fundi Wendelin, umesikia? Nikashuka chini, nikafunga koki ya bomba la kutolea nje. Tangu tajiri akodi meli hii tulikuwa tunamwaga tu ziwani, tangi halina kazi miaka miwili.

Kutoka hapa naiona nyumba ya mama mkwe. Binti yangu Ida yuko pale tangu tumzike mama yake. Kama mita mia tatu. Karibu hivyo.

Jumatano, 4 Februari

Abiria thelathini na sita, vyoo viwili. Nimesugua mara nne kwa klorini. Pampu ya choo cha wanawake ilikwama, nikabadilisha washa yake ya mpira, nikapaka grisi.

Bibi Marselina wa Chiwanda amekaa juu ya magunia yake ya dagaa karibu na mlango wa choo. Kila nikipita ana neno. Leo kasema nikifika mbinguni watanipa ufagio kwanza, kiti baadaye. Nikamjibu, shikamoo bibi, wewe utakuwa bado unapanga foleni. Akacheka mpaka akashika mbavu.

Marehemu mke wangu Notburga alikuwa ananusa kola yangu nikirudi nyumbani. Anasema, leo ulisugua choo cha daraja la pili. Hakukosea hata mara moja.

Alhamisi, 5 Februari

Wawili wameugua. Tumewatenga nyuma, chini ya turubai. Ndoo zao namwaga mimi chooni.

Abiria wananisifu. Meli nyingine choo kingekuwa kimefurika, wanasema, cha kwako hakijai. Nikafurahi, nakiri.

Ijumaa, 6 Februari

Tangi halijai kwa sababu hakuna kinachoingia.

Niligonga kwa spana, likalia tupu. Nikagonga chini kabisa. Tupu. Nikaenda kwenye koki. Mkono wake unazunguka vizuri, lakini ndani hakuna kinachozunguka. Mkono wa zamani ulivunjika Novemba, tajiri hakuleta mpya. Nikatafuta Mbinga, walikokuwa wanauza vyuma vya mashine ya kumenya kahawa ya ushirika, nikapata mkono wenye tundu kubwa kidogo. Nikaubana kwa kipande cha bati. Nilisema wiki ijayo nitaurudia. Wiki hiyo Notburga akalazwa.

Bati limelika. Siku tatu choo chetu chote, na ndoo za wagonjwa, vimekwenda ziwani.

Nimeugeuza msumari wa ndani ya koki kwa plaizi mpaka ukagoma. Sasa imefungwa kweli.

Jumamosi, 7 Februari

Nimemwambia nahodha. Akauliza, umeshafunga? Nikasema, nimefunga. Akasema, basi funga na mdomo. Wakijua hawatatupokea hata baada ya siku saba, watatufukuza na wagonjwa wetu, na bandari inayofuata itatufukuza vilevile. Hao wawili watafia hapa, Wendelin.

Si mtu mbaya. Anawapelekea uji mwenyewe.

Asubuhi Bwana Afya alipita na mtumbwi wake. Nilisikia akiwatuliza wanawake ufukweni: ugonjwa uko melini, maji yenu hayana shida. Wakateka. Hakuna aliyesema wachemshe.

Tangi sasa linajaa. Harufu imepanda hadi juu. Bibi Marselina amehamisha magunia yake, hana utani leo.

Jumapili, 8 Februari

Kengele ya misa imelia, kisha wanawake wakashuka na ndoo. Mama mkwe na Ida mbele.

Mama mkwe siku zote nampisha njia. Hatutazamani usoni. Kwake sijawahi hata kuomba nionyeshwe choo kilipo, naenda kwa jirani.

Nilisimama kwenye reli nikawapungia mkono: rudini, rudini. Ida akadhani namwita. Akaingia majini hadi magotini, akasimama anacheka, anasubiri. Jua lilikuwa kali. Akachota kwa kiganja, akanywa.

Nikaenda kwa nahodha. Kipaza sauti cha meli alikuwa nacho mapajani. Nikanyoosha mkono. Akaniuliza, na hao wa nyuma je? Nikasema sijui. Nikasema mtoto wangu amekunywa. Alikaa nacho kidogo, kisha akakiachia.

Nikasema, Shikamoo mama. Sauti ikaenda mpaka milimani ikarudi. Ufukwe wote ukageuka. Mama mkwe akatua ndoo, akajifunika kanga usoni kwa heshima, akainamisha kichwa asikie mkwewe anasema nini. Na Ida bado yumo majini. Nikasema, mtoeni mtoto majini, maji hayo msinywe, tangu Jumanne hadi Ijumaa choo chetu kimemwagika humo.