Fremu Ulizonichongea

Kaka yangu,

Hatujambo hapa. Kuku ametotoa stoo, juu ya magunia, na kitindamimba wangu amefaulu mtihani wa udereva. Mistari yangu ikipanda mlima, usinicheke.

Zile picha ulizoondoka nazo zimerudi salama, ndani ya fremu mpya za mbao, na wapwa wako wamezitundika sebuleni. Walishangaa. "Mama, mjomba kazeeka! Hakuna hata mbili zinazofanana." Nikawaambia mafundi wa siku hizi wanapenda kubuni.

Lakini mimi nilikuelewa nilipoigusa ya kwanza. Ya mama ina mawimbi pembeni. Ya marehemu mume wangu ina vitundu kwenye kona. Ya kifungua mimba wangu ni laini kama sabuni. Ulipokuja mara ya mwisho nilikumiminia chai nje ya kikombe, ukafuta meza, ukaendelea na hadithi yako. Watoto bado hawajui kwamba macho yananiaga. Nitawaambia mwenyewe nikiwa tayari. Kwa sasa napita ukutani kila asubuhi kama mtu anayefuta vumbi, namsalimia kila mmoja kwa jina lake.

Asante, kaka. Sina neno kubwa kuliko hilo.

Ila ya kwako hukuipiga msasa, mkorofi wewe, na najua ni makusudi. Kila nikipita inanichoma kidole, nami nakujibu kwa sauti: "Haya, nimekuona."

Ni mimi, dada yako