Rangi ya Paka wa Duka la Nyama

Halle, Novemba 1868

Dada yangu mpendwa Adelheid,

Kwa heshima na taadhima naitangazia familia yote, walio hai na waliotangulia, kwamba paka wa dukani kwetu si wa kijivu. Ni mweupe, ana madoa ya rangi ya chungwa, na sikio moja jeusi. Asiyeridhika na aje ajionee.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Rosine anakohoa kama kawaida ya majira haya, na anakataa dawa kama kawaida ya majira yote. Vipi mgongo wako, na kuku? Macho siyaulizi, najua. Nakusalimu nawe, shemeji Gottfried, unayemsomea mwenzio barua hii huku umeweka miguu juu ya kigoda chake. Soma kila neno, hata linalokusema wewe. Ukiruka mstari nitajua.

Dada, uliniandikia kwa mkono wa huyo huyo kwamba hutaki kusikia habari za daktari yeyote wa macho, kwamba mtoto wa jicho ni mgeni uliyekwisha mzoea, na kwamba nyumba unaijua kwa vidole. Sikujibu. Nakujibu sasa, na naanzia kwa baba.

Wewe unakumbuka kuliko mimi, maana ndiwe uliyemshika mkono. Yule mchoma macho wa gulioni alikuja na gari lake jekundu na mpiga fidla. Fidla ilikuwa ya kufunika mayowe. Alimkalisha baba juu ya pipa, akamchoma sindano, akausukuma chini ule ukungu wa mtoto wa jicho, na baba akasema anaona kofia ya mchungaji. Watu wakapiga makofi. Akafungwa kitambaa, tukaambiwa tusikiguse mpaka juma lipite. Lilipopita ukakifungua wewe, ukakuta usaha, na gari jekundu lilikuwa limekwisha vuka mpaka wa nchi ya pili. Tangu siku hiyo humwamini mtu mwenye sindano, hata akiwa fundi nguo.

Sasa nisikilize habari za Daktari Kolbitz. Gottfried, usigune.

Alipoingia dukani mara ya kwanza nilikuwa ndiyo kwanza nimeoa. Kijana mwembamba, mtoto wa mfuma soksi, koti limepauka viwikoni. Aliomba macho ya nguruwe. Nikamuuliza atayala kwa haradali au hivi hivi. Akasema, bila kucheka, kwamba anataka kujifunza kuyakata. Nikampa bure ili aniondokee. Kesho yake akarudi. Mtaa mzima ukasema Leberecht anamlisha mchawi. Mama Zschoche wa mkate aliapa kwamba yule kijana anawapandikizia watu macho hayo, na atakayetibiwa naye ataanza kutamani maganda ya viazi.

Kisha akaleta kile kioo kidogo chenye tundu katikati, cha kumulikia ndani ya jicho mpaka ukutani kwake. Kabla yake hapa mjini hakuna aliyepata kuona nyuma ya jicho la mtu aliye hai. Watu wakaamini huko ndiko dhambi zinakoandikwa. Mke wa fundi saa alimpeleka mumewe, akamwomba daktari amtajie tu jina la huyo mwanamke. Daktari akasema anaona mishipa ya damu, nayo inataka mtu apunguze bia. Mama yule alirudi nyumbani akisema ni yale yale.

Madaktari wazee walimcheka. Wao walikuwa bado wanamsukuma mtoto wa jicho chini kama yule wa gari jekundu, ila kwa Kilatini. Yeye akasema mwiba hausukumwi ndani, hutolewa. Akakata ukingo wa jicho la mzee mmoja mchemsha chumvi, ambaye hakuwa na cha kupoteza, akamtoa mtoto wa jicho mzima mzima, mfano wa punje ya dengu. Mzee alipopona alitembea peke yake mpaka mtoni, akasimama akiwatazama mabata. Watu nusu ya mtaa tulimfuata, na hakuna aliyethubutu kumsemesha. Mimi, ambaye kazi yangu ni kupasua, nilivua kofia.

Siku hizi watu wanamfuata kutoka mbali, hata Riga. Mke wa mtawala mmoja alikalishwa benchini pamoja na wachuuzi, na alipouliza ataitwa lini, akaambiwa baada ya mama mwenye bata bukini, maana bukini wamefungwa nje na wanapiga kelele. Lakini si hayo yanayonistaajabisha. Mpaka leo, kichwa kimejaa mvi, kila asubuhi ya kushika kisu huagiza kwanza jicho la nguruwe, akalitia kwenye kinyago cha bati, akalikata kama mwanafunzi. Nilimuuliza sababu, naye ana jina kubwa hivyo. Akanijibu kwamba mkono hausomi magazeti.

Na kitambaa hukifungua mwenyewe. Huvuta kiti, hufungua, hungoja. Wapo ambao hawakuona kitu, sikufichi. Alikaa nao vile vile, mpaka chakula chake kikapoa. Dada, mtu huyu hana gari linalomngoja mlangoni.

Sasa neno ninalolizunguka. Tangu mwaka juzi nilikuwa nakata nyama kwa kupapasa, na paka nikimwona wa kijivu. Mtoto wa jicho kumbe ni wa ukoo, kama pua zetu. Rosine alikuwa akininong'oneza majina ya wateja wakiingia, nami nawasalimu kwa bashasha. Barua zangu zote aliziandika yeye, ndiyo maana zilikuwa na adabu. Shemeji, ulidhani nimestaarabika. Sikukwambia, dada, kwa kuwa kama mambo yangeharibika, kingekuwa kitambaa chako cha pili.

Nilikwenda mwezi uliopita. Asubuhi ile jicho la nguruwe nililitoa mimi, kwa kupapasa, nikampelekea. Alikata lile, kisha akakata langu. Iliuma, ila kwa muda mfupi kuliko sala ya Gottfried kabla ya supu. Nikalazwa gizani nimefungwa yote mawili, nikamkumbuka baba, nikaogopa kama ndama. Siku ya kufunguliwa nikasikia kiti kinavutwa. Nikaona nuru, kisha ndevu, kisha uso wa mzee, nami kichwani mwangu alikuwa bado yule kijana wa koti lililopauka. Alikuwa ananitazama kwa hofu, dada. Yeye, anayefuatwa kutoka Riga. Nikamwambia ndevu zake zina yai. Akajifuta, kwa muda mrefu kuliko yai lilivyohitaji.

Nimemweleza habari za baba, na nani aliyefungua. Amesema uje kabla ya theluji, na kwamba safari hii wewe hutafungua kitu. Kitanda kipo kwetu. Gottfried akulete kwa treni, nione alivyozeeka.

Rosine anakusalimu kwa kikohozi. Wasalimie kuku wote.

Ni mimi mdogo wako, kwa mkono wangu mwenyewe na miwani minene kama kitako cha chupa,

Leberecht Nagel

Nilikusudia kukufungia na soseji ya ini. Paka ameila.