Noti ya Modeste

Nyalukemba, Bukavu
16 novemba 1999

Mpendwa mudogo wangu Eulalie,

Jambo sana huko Lubumbashi. Mwili iko muzuri? Na lile goti lako? Mimi niko muzima. Meno yamebaki machache, lakini mudomo haujapungua.

Najua vita vimekukatia njia ya kurudi. Maman Lydie, muchuuzi wa vitenge na samaki, anapitisha barua hii Nairobi, imefichwa ndani ya vitenge vyake. Ikikufikia na harufu ya samaki, mulaumu yeye.

Sasa sikia habari ya mutoto wako Placide. Hukuweza kuja kumulilia bwana yako Modeste, na sisi tulimuzika mbio-mbio, risasi zikilia, bila wimbo hata moja. Hiyo ilimukaa Placide rohoni. Akaniambia mimi mujomba wake: "Tonton, papa hawezi kwenda kimya kama mwizi."

Akaanza kutunga kipande kifupi cha kinanda na waimbaji wa chorale, kwa misa ya wafu. Neno iko moja tu, "Pumzika", na sauti zinaingia polepole kama ukungu juu ya ziwa. Nikamutania: "Neno moja? Hata mimi niliyekimbia masomo ya primaire ningetunga!" Akacheka, akafuta, akaandika tena. Wanaume wa sauti ya chini karibu wote wamekimbia. Basi sehemu yao akapatia kinanda: noti moja nzito, ile Modeste alikuwa anaimba mpaka benchi zinatetemeka.

Courant ya umeme hakuna. Kwa hiyo mimi, ambaye padri ananifukuza kwa kuchekesha watu misani, ndiye nilisukuma muti unaojaza kinanda upepo! Placide aliniagiza: wote wakinyamaza, uache kusukuma. Upepo utaisha wenyewe, noti itapungua mpaka izimike. Ndiyo mwisho alioandika.

Eulalie, unanijua, nacheka kila kitu. Jumapili, kwenye misa ya Modeste, kicheko kilinitoroka. Ilikuwa kama kanisa lenyewe linapumua. Akina mama wakanyamaza, ikabaki noti ya Modeste peke yake. Saa ya kuacha ikafika, mikono ikakataa. Nikasukuma, nikasukuma. Placide akageuka pale kwenye kinanda, macho yamejaa maji.

"Tonton, muache aende."

Nikaachilia. Noti ikaanza kupungua, ikitetemeka. Kabla haijazimika, mama moja kule nyuma akaishika kwa sauti yake, mudomo umefungwa. Kisha benchi yake. Kisha kanisa nzima, hata padri na sauti yake ya mbuzi. Kinanda kilikuwa kimekwisha kunyamaza, na noti iko bado. Placide hakujua aweke mikono wapi. Yeye hakuandika hiyo.

Sasa ameongeza kwenye karatasi: "Mwisho: watu wote." Anasema bado unakosekana wewe.

Nisalimie binti yako Yolande na watoto wake. Mungu awafunike kwa blanketi moja, na asiwaachie miguu nje.

Noti yenyewe unaijua, Eulalie. Ndiyo ile alikuwa anakoroma nayo kando yako. Ukisoma mpaka hapa, weka barua chini, funga mudomo, uishike kidogo.

Ni mimi kaka yako akupendaye, mukorofi wa siku zote,
Cyprien