Wa Kumi na Nne Kwenye Foleni

Hema la Pili Kutoka Bombani,
Uwanja wa Shule.
Jumatano, 12 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na mapacha, wameshaanza kusimama dede? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mkono wangu umefungwa bandeji, lakini ni wa kushoto, kwa hiyo kuandika naandika.

Simu ilikatika nikiwa ndiyo kwanza nimekuambia habari za Baba. Ngoja nikueleze kwa utaratibu.

Tetemeko lilipiga Jumanne ya wiki iliyopita asubuhi, Baba akijichemshia chai. Ukuta wa jikoni ulimlalia. Mimi nilikuwa kwenye tanuri, natoa mikate. Nilikimbia nyumbani nikamwita hadi sauti ikakauka. Hakuitika. Nilitafuta watu wa kufukua, lakini kila mtu alikuwa akifukua kwake.

Jumatano nilikwenda kwa mkuu wa mtaa kuandikisha kaya zetu za Kikristo, zote kumi na moja, ili tupate msaada. Hakuinua hata uso.

"Nyinyi mna wenzenu huko nje. Waombeni hao."

Si unamjua? Ndiye aliyetia sahihi barua ya kufunga chumba chetu cha ibada.

Na kweli wenzetu walituma. Alhamisi likaja lori lenye mahema, mablanketi na dawa ya kusafishia maji. Mchungaji wetu, yule fundi cherehani, akasema tuugawie mtaa mzima, wazee na wenye watoto wachanga kwanza.

"Hata waliotuvunjia mlango wa chumba cha ibada?" nikamwuliza.

"Na kwao mvua inanyesha, dada."

Sikuwa na nguvu za kubishana. Nikashika daftari.

Wa kumi na nne kwenye foleni alikuwa fundi bomba. Mwaka jana ndiye aliyeshika nyundo. Sasa alikuwa amempakata mjukuu aliyeviringishwa pazia. Nilidhani nitamtemea mate. Wapi! Nilihisi ganzi tu, kama ufizi uliochomwa sindano.

"Na mimi mnanipa?"

"Weka sahihi hapa," nikamwambia. "Anayefuata."

Ijumaa alfajiri alikuja na wanawe wawili na sururu. Wakaanza kufukua. Kufikia adhuhuri walikuwa wamemtoa Baba. Uso wake haukuumia, usije ukakaa ukawaza mabaya.

Tulimzika nyuma ya tanuri. Unakumbuka tulivyozoea kuimba kwa kunong'ona ili majirani wasisikie? Safari hii hakukuwa na kuta, tukaimba kwa sauti. Watu walitoka mahemani kutazama. Fundi bomba alisimama nyuma, kofia mkononi.

Naulizwa kama nimemsamehe. Sijui. Hata chozi la kumlilia Baba bado halijatoka.

Jirani yangu wa hema ni mkuu wa mtaa. Anakoroma kama jenereta. Jana aliniomba blanketi la pili la mkewe, nikampa.

Uliuliza kama nitahamia kwenu. Si sasa, mdogo wangu. Mabati yanakuja wiki ijayo, na watu wameshaanza kuniuliza wapange foleni wapi.

Msalimie sana wifi, uwabusu mapacha. Shangazi anakusalimu, mguu wake unapona. Mchungaji naye anakusalimu. Cherehani yake imepatikana, inashona kwa kusukumwa kwa mkono.

Mungu awe paa lenu huko mliko.

Wako akupendaye,
Dada yako, Mama Mikate.